Jiko la Chumba cha Wageni

Mfua shuka wa gesti moja ya Kitale halali tena dirisha likiwa limefungwa, hata baridi ya Mlima Elgon ikimtetemesha. Tangu awakute mwimbaji mmoja maarufu na mkewe wamekufa kitandani, Kabura wa mapokezi humsomea uvumi wa mtandaoni kila asubuhi. "Leo ati ni sumu, mami. Jana ilikuwa wivu wa wasanii." Mfuaji hukamua shuka lile lile mpaka vidole vinakakamaa. "Na si ni wewe uliwapelekea chai? Utashikwa bana," Kabura humtania. Naye mfuaji hucheka kidogo. Jiko la makaa alilowapelekea pamoja na chai, akiwaonea huruma kwa baridi, alilitoa asubuhi ile katika chumba kilichofungwa madirisha, kabla ya kupiga mayowe. Kabura akimaliza kusoma, mfuaji huuliza polepole, "Hawajasema kitu kingine?"