Tairi Bado Baridi

Fundi wa matairi pale kwenye uwanja wa supamoto, mbio za pikipiki za kona kali, ana viganja vigumu kama soli. Matairi yaliyochoka kwenye mashindano huwagawia vijana bure, ila kabla hajaliachia tairi hulibonyeza kwa kiganja, kama mama anayempima mtoto homa. "Hili linashika likipata moto," huwaambia. "Uwanjani utazunguka mpaka lichemke, hapo toa mguu, laza chombo utakavyo. Barabarani halipati moto, ni sabuni. Umenisikia, we mjukuu wa bibi yako?" Wanacheka, wanabeba.

Juzi mpwa wake alianguka na pikipiki barabarani, akapelekwa hospitali hajitambui. Fundi alipofika hakuingia wodini. Aliiendea kwanza pikipiki ya kijana, iliyoletwa pamoja naye na kuegeshwa nje ukutani, akapiga magoti, akashika tairi la nyuma. Lilikuwa lile alilompa mwenyewe, akafanyie mazoezi uwanjani.

"Kaka, mwanangu anakata roho, wewe unapapasa pikipiki?" dada yake alifoka.

"Alikuwa ameshaendesha umbali gani?"

"Umbali gani wapi! Katoka getini, kona ya kwanza tu."

Fundi akaondoa mkono, akaufuta kwenye suruali. Dada yake alirudi ndani, akamwacha bado anaufuta.