Kabati la Dada Darajani

Daraja letu la Nyali halina adabu. Madaraja ya wenzetu yanasimama juu ya nguzo. Hili linaelea juu ya maboya ya chuma. Maji yakijaa linapanda, unavuka kama unatembea sebuleni kwenu. Lakini siku za bamvua, maji yanapojaa na kutoka kupita kiasi, ikifika saa nne asubuhi bahari imekwenda zake, daraja limezama chini, na ile njia ya kutokea upande wa kisiwani imesimama kama paa la nyumba. Kwa hiyo mtu wa kwetu Kisauni, ng'ambo ya kisiwa, hahamishi kitu kizito kabla ya kuuliza maji.

Mama aliuliza. Kitanda na kabati la harusi ya dada yangu vilikuwa tayari kwa seremala, vinangoja kupelekwa mjini kwa bwana harusi. Kabati lilikuwa na kioo cha kimo cha mtu, na dada alikuwa ameshatuambia kwamba kikivunjika yeye haolewi. Nikatumwa kwa mzee mmoja wa mkokoteni, mtu wa bara, nimwambie achukue mzigo saa kumi, maji yakijaa, nami nimsaidie kusukuma.

Saa kumi kulikuwa na mpira. Nikamwambia saa nne.

Mzee akaniuliza kama mama ana hakika. Nikasema wallahi. Mungu anisamehe, ilikuwa fainali.

Kwenda tulikwenda vizuri mpaka tukafika kwenye ule mlima wa kutokea. Mzee akainama, akavuta. Mimi nyuma nilisukuma kwa mdomo: niliguna, nikahema, nikamwita Mola, na mikono nimeiegemeza tu kwenye kabati. Mchezo huo nimeucheza na mikokoteni mingi, na hakuna aliyewahi kugeuka. Safari hii mkokoteni ukasimama katikati. Halafu ukaanza kunirudia mimi.

Niliruka pembeni. Kwenye kioo nikaona uso wangu unapita, na haukuwa wa kupendeza.

Mzee hakuachia. Aliketi chini na mikono ya mkokoteni kifuani, visigino kwenye mbao, akaburutwa hatua tatu.

“Jiwe, kijana,” alisema, taratibu kabisa, kama anaomba chumvi.

Jiwe lilikuwa limefungwa kwa kamba chini ya mkokoteni. Nikalisukumia nyuma ya gurudumu, nao ukatulia. Wapita njia wakaja, na tukapanda. Safari hiyo nilisukuma hadi macho yakanitoka. Kioo kilifika kizima. Visigino vya mzee vilikuwa vinatoka damu.

Jioni alikuja nyumbani kuchukua ujira wake. Mama alikuwa ameshasikia kwamba mzigo ulifika adhuhuri, akataka kujua nani aliyebadilisha saa. Nilitazama mlango, nikapima umbali.

“Nilikosea mimi, mama,” mzee akasema. “Lakini huyu mwanao, huyu anasukuma. Sijapata kuona.”

Mama akanitazama kwa fahari, akaniongezea samaki. Nikamsukuma kando ya sahani.

Sasa kila asubuhi maji yakiwa yametoka, nikienda shule mjini, mzee yuko pale chini ya mlima na mzigo wake, amekaa, ananingoja. Ananyoosha kidole nyuma ya mkokoteni, nami naweka vitabu juu ya magunia. Mwalimu ameshachoka kunipiga kwa kuchelewa. Namwambia ni maji, na kwa mara ya kwanza tangu anijue, nasema kweli.