Fimbo Nyepesi kwenye Mto Tana

Siku yangu ya kwanza kazini, Afisa wa Uvuvi wa Wilaya aliniuliza kama ninajua kuogelea. Nikamwambia sijui. Akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Vizuri. Hapa wanaojua kuogelea ndio wanaokufa. Wanayasogelea maji."

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja mjini Garissa, nyuma ya ofisi za mifugo. Nilikuwa msichana wa Kisomali niliyetoka chuoni na cheti cha uvuvi, jambo ambalo ukoo wetu uliliona kichekesho. Kwetu mali ni ngamia, ng'ombe na mbuzi. Samaki, walisema, ni chakula cha mtu aliyekosa maziwa. Mama yangu ndiye peke yake ambaye hakucheka. Aliogopa. Kila nilipotoka nyumbani alinishika kiwiko na kusema, "Fatuma, mamba hajui kama wewe ni mtumishi wa serikali."

Kazi yenyewe ilikuwa kujua mto una samaki gani, wakubwa kiasi gani, na kama wanapungua. Wavu haukufaa. Magogo yaliuchana, mamba nao waliuchana, na kuutega ilikuwa lazima mtu aingie majini. Kwa hiyo yule Afisa, mtu wa kutoka upande wa ziwani, alivua kwa fimbo nyepesi na chambo bandia. Chambo bandia ni kipande cha bati, mbao au plastiki chenye ndoana, kinachotikisika majini kama samaki mdogo aliyejeruhiwa. Kambare akikirukia, ndoana humshika mdomoni. Hakimezi mpaka tumboni kama anavyomeza mnyoo. Unampima, unamrudisha majini akiwa hai.

Asubuhi hiyo alilaza fimbo kadhaa juu ya meza akaniambia nichague. Nikachukua nene kuliko zote.

"Unataka kuvua samaki," akaniuliza, "au kuswaga punda?"

Kisha akanifundisha, na niliyofundishwa siku ile sijapata kuyabadilisha. Juu kidogo ya mpini huandikwa uzito wa chambo ambao fimbo inaweza kurusha. Ukifunga kizito kupita hapo, siku moja ncha itakatika mikononi mwako. Ukifunga chepesi mno, fimbo haipindi, na chambo kinaanguka karibu na miguu yako. Kinachorusha ni ule mpindo unapojinyoosha. Nguvu za bega hazisaidii kitu. Funga rili, yaani kile kigurudumu kinachokunja mshipi, uzi wa kuvulia, kisha ilaze fimbo juu ya kidole kimoja mbele kidogo ya mpini. Ikiinama sana upande wa ncha, mkono wako utachoka kabla ya samaki kuchoka. Fumba jicho moja uitazame kwa urefu kama mtu anayekagua boriti, uone kama pete zote, zile zinazopitisha mshipi, zimekaa mstari mmoja. Halafu chukua kipande cha pamba ukipitishe ndani ya kila pete. Pamba ikinasa, pete ina ufa, na ufa usioonekana kwa jicho hukata mshipi kama wembe.

Utunzaji ulikuwa vita na jua na vumbi. Fimbo haikuachwa ndani ya gari, kwa sababu joto la Garissa hulegeza gundi inayoshikilia pete. Haikulazwa chini, maana mbuzi hawaulizi wanakanyaga nini. Kiungo, pale vipande viwili vya fimbo vinapoingiliana, kilifutwa kila mara na kupakwa nta kidogo ya mshumaa. Chembe moja ya mchanga hapo inatosha: fimbo itakwama, utaivuta kwa hasira, itapasuka. Jioni tuliiosha kwa maji safi, tukaianika kivulini, na kulegeza breki ya rili, ile inayoamua mshipi utoke kwa urahisi gani samaki anapovuta.

Mtoni tulikwenda wawili wawili. Mmoja alivua, mwingine aliyatazama maji. Tulisimama juu ya kingo zilizoinuka tu, wala hatukurudia mahali tulipokwisha kusimama siku hiyo, kwa sababu mamba hujifunza. Mara nyingi nilikuwa mtazamaji. Mpaka leo sijui kuketi nikiyapa maji mgongo.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Buna, kule Wajir Kaskazini. Watu walinipokea kwa heshima, kisha wakaniuliza mto uko wapi. Kulikuwa na mabwawa ya kuchimbwa ya kunyweshea mifugo, na ofisi kuu ilitaka kujua kama samaki wanaweza kuishi humo. Nilivua bwawani huku ngamia wakinywa upande wa pili na wazee wakinitazama kwa huruma, wakidhani nimepewa adhabu. Bwawa lilipokauka, nikapelekwa Kutulo kuisaidia ofisi ya mifugo.

Safari ya Kutulo ndiyo nusura inimalize. Fimbo yangu niliibeba ndani ya bomba la plastiki lililozibwa pande zote mbili, ndiyo njia bora ya kuisafirisha. Lakini barabara zile zilikuwa na hofu zake. Basi letu liliposimamishwa kwenye kizuizi kimoja na tukashushwa, askari aliliona lile bomba refu limefungwa kwa kitambaa, akarudi nyuma hatua kadhaa na kunielekezea bunduki.

"Weka chini hiyo kitu! Polepole!"

Abiria wote walilala kifudifudi. Mimi nilibaki nimesimama na bomba mkononi, kwa sababu kiungo kikidondoka vibaya kinapasuka. Hebu fikirieni akili ya mtu! Niliinama taratibu, nikalilaza, nikafungua kizibo. Askari alipoona ncha nyembamba ikitokeza, alipumua kwa sauti.

"Ni ya nini?"

"Ya kuvulia samaki."

Akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Nyika tupu. "Samaki gani, mama?"

Hakuna aliyecheka mpaka tulipoipita kona ya kwanza. Hapo ndipo nilipoanza kulia.

Nilirudishwa Garissa wakati wilaya zimekwisha kuwa kaunti, na wakubwa wangu wakawa watu wenye umri wa watoto wangu. Mkurugenzi wa Uvuvi wa Kaunti alikuwa mtu mpole aliyeongea haraka. Nilikuwa nimebakiza miezi michache nistaafu aliponipigia simu, mto ukiwa umefurika.

"Mama Fatuma, njoo mashambani, huku chini ya mji. Njoo na watu unaowajua wa mtoni. Kuna familia imezingirwa."

Nilipofika niliona kibanda cha pampu ya maji, kimezungukwa pande zote. Juu ya paa alikuwepo mfugaji mmoja, Abdi, na mkewe, na mtoto mchanga mgongoni mwa mama. Walikuwa wamekuja kunywesha mbuzi shambani kwa jamaa, maji yakawakata. Kati yao na sisi kulikuwa na mkondo mwekundu, wenye kasi, uliobeba magogo na mizoga. Boti ilikuwa imekwenda kuokoa watu kijiji kingine. Wanaume walijaribu kurusha kamba iliyofungwa jiwe. Ililowa, ikawa nzito, ikaanguka karibu tu. Na ukuta wa kibanda ulikuwa unamong'onyoka. Kila tofali lilipoangukia majini, umati uliguna kwa pamoja.

Nilimwambia dereva anipeleke ofisini mbio. Nilirudi na fimbo, ile nyepesi kuliko zote.

"Hiyo?" Mkurugenzi alishangaa. "Itabeba watu hiyo?"

"Itabeba uzi. Uzi utavuta kamba nyembamba, kamba nyembamba itavuta ile nene."

Nilitoa ndoana kwenye vyambo kwa koleo ili nisimjeruhi mtu, nikapitisha pamba kwenye pete moja moja. Watu walinipigia kelele kwamba ninachelewa. Huenda nilichelewa. Lakini nilijua pete mbovu ingetunyang'anya kila kitu.

Mrusho wa kwanza haukufika. Wa pili ulivuka paa, lakini kabla Abdi hajauwahi mshipi, gogo liliudaka na kuukata. Chambo kikaenda na maji. Nikaangalia ndani ya kisanduku. Vyambo vilivyobaki vilikuwa vyepesi, vya kuvulia samaki wadogo. Chenye uzito wa kufika kule kilikuwa kimoja tu, kijiko cha bati. Sikumwambia mtu.

Nikapapasa mshipi kwa kucha, nikahisi umekwaruzika. Nikakata ile sehemu mbovu, nikafunga upya, nikalilowesha fundo kwa mate kabla ya kulikaza. Pembe ya kibanda ikaanguka. Mke wa Abdi alipiga yowe.

"Mama, rusha!" Mkurugenzi alikuwa karibu kulia. "Rusha tu!"

"Subiri gogo lipite."

Likapita. Nyuma yake kulikuwa na jingine. Nikangoja na hilo. Kisha nikasema bismillahi, nikairudisha fimbo nyuma, nikaiacha ipinde, nikarusha. Kijiko kilikwenda juu, kikazama nyuma ya paa, na mshipi ukalala juu ya mabati. Abdi aliukanyaga kwa mguu wake mtupu.

Yaliyofuata yalikwenda taratibu kwa namna ya kutesa. Niliukata mshipi kwenye rili na kuufunga kwenye kamba ya nailoni. Abdi aliuvuta mkono kwa mkono, ukamletea ile kamba ya nailoni, kamba ya nailoni ikamletea ile nene. Mwanamke mmoja muuza maziwa mwenye sauti ya kuita ngamia alimpigia kelele kwa Kisomali: funga kwenye bomba la chuma la pampu, usifunge kwenye ukuta! Alifunga. Hatukuliona fundo. Upande wetu tuliikaza kamba kwenye lori. Bwana Dhadho, mvuvi wa kando ya mto niliyemwita, alijifunga tyubu ya tairi, akaingia majini akiishikilia kamba, na kila alipozama nilihesabu pumzi zangu mwenyewe. Alimleta mtoto na mama yake pamoja. Akarudi kumchukua Abdi. Walipokuwa katikati ya mkondo kibanda kilikwenda chote, lakini bomba lilibaki limesimama, na fundo lilibaki limeshika. Baadaye Abdi alituambia alifunga kama wanavyofunga ngamia anayezoea kutoroka.

Nilistaafu mwaka uleule. Kulikuwa na hotuba, na Mkurugenzi alisema nilikuwa na moyo wa chuma. Vijana mnaoingia kazi hii mkiniuliza nilipata faida gani, nitawaambia: nilijifunza kutunza kitu chepesi kana kwamba maisha ya mtu yanakitegemea, ingawa siku nyingi hakuna maisha ya mtu yanayokitegemea, na mbuzi wanakikanyaga bure. Ukitafuta kazi itakayokuondolea hofu, usije mtoni. Mvua ikisemwa imenyesha milimani, bado ninakwenda kutazama rangi ya maji.

Mwaka jana Abdi alikuja kwangu na kibuyu cha maziwa ya ngamia. Tulikaa barazani. Mtoto wake sasa anakimbia. Alikunywa chai yake yote kabla ya kusema alichokuja kusema.

"Abaayo," akaniita, yaani dada, "ile siku mimi naangalia wewe tu. Watu yote nakuambia rusha, rusha. Upepo hakuna. Lakini ile ncha ya fimbo yako ilikuwa natetemeka, natetemeka. Nikajua wewe naogopa sana."

"Niliogopa sana, Abdi."

"Mke yangu akaniuliza, huyu mama ataweza?" Akaweka kikombe chini. "Nikamwambia, wallahi, angalia vile ametulia."