Meza ya Shawki Iliyong'aa Kupita Kiasi

Mtu akikwambia ni mwenyeji wa Dumyati, mji wetu wa samani hapa Misri, na hajui useremala, mwangalie mara mbili. Shawki alikuwa mwenyeji, na hakujua. Kaka yake Metwali alipewa randa angali mdogo, yeye akapewa daftari, akaishia karani wa posta miaka thelathini na minne. Alistaafu na viganja laini kama vya mtoto wa juzi. Mtaani hakuna aliyempa mkono bila kulitaja hilo.

Sasa binti yake Ibtihali anaolewa. Alhamisi samani zingepakiwa kwenye gari la wazi, zizungushwe mtaani kwa ngoma, kila jicho lizikague. Kitanda, kabati, makochi, viti, vyote kazi ya Metwali. Shawki alitaka kitu kimoja tu kilichotoka mkononi mwake kipande gari lile: meza fupi ya duara, ile ya kulia mmekaa chini.

"Utaitengenezea wapi, mapajani?" Metwali alimuuliza. "Anza na meza ya kazi, karani. Miguu minne, mbao za juu, basi."

"Si uniazime yako, kaka?"

"Meza ya kazi haiazimwi. Omba mswaki wangu, nitakupa."

Ijumaa Shawki akaokota mbao za masanduku ya mizigo, zile wanazotupa bandarini, na nguzo za kitanda chakavu zikawa miguu. Akakata, akagongomea, akajigonga kidole, akatukana kidogo. Kufika alasiri meza imesimama. Mguu mmoja mfupi, akauwekea kigae. Ukiipanda haiyumbi. Wallahi mimi mwenyewe nisingeijenga vizuri zaidi, labda haraka zaidi.

Angeishia hapo! Lakini sisi wa Dumyati ubao mtupu unatuwasha mwili. Jumamosi akaupiga msasa. Akabandika maua ya kuchongwa miguuni. Jumapili akapaka vanishi, akasubiri ikauke, akapaka tena, mpaka Jumatatu akawa anachania nywele pale juu kama kwenye kioo. Mkewe alipoiona akatandika kitambaa, akaweka bata aliyejazwa vitunguu.

Metwali akawakuta wanakula.

"Meza ya kazi iko wapi?"

"Unaiegemea."

Metwali akafunua kitambaa, akacheka mpaka akashika ukuta. "Hii? Hii nayo tuipeleke kwa bibi harusi? Haya, shemeji, sogeza bata."

Akalaza ubao juu ya ule mng'ao, akampa Shawki randa. "Sukuma."

Shawki akasukuma. Ubao ukateleza kama samaki, ukatumbukia kwenye bakuli la mchuzi.

"Ubao usiposhikwa, haulainiki," Metwali alisema, akijifuta mchuzi ndevuni. "Zimebaki siku mbili, karani. Na umemaliza tatu kwenye vanishi."

Alipoondoka, Shawki aliitazama meza yake muda mrefu. Kisha akachukua kipande cha chuma, akaanza kukwangua.

"Baba Ibtihali!" mkewe akapiga kelele. "Meza nzuri hivyo!"

"Ndiyo ubaya wake."

Akakwangua mpaka mbao zikarudi kukwaruza mkono. Halafu akapigilia kijiti mwisho wa meza, kiuzuie ubao usikimbie. Akasukuma randa. Ubao ukatulia, na utepe wa kwanza wa mbao ukajikunja mkononi mwake. Maua ya miguuni aliyaacha. Mtu asijinyime kila kitu.

Alhamisi ngoma zilipoanza, akatoka na meza fupi kichwani. Metwali alikuwa anafunga kamba garini. Akaipokea, akaipindua, akaichungulia miguu.

"Imeinama kushoto."

"Wataweka mikate, kaka, si mpira."

Metwali akampa mkono, akaubana, akahisi malengelenge. Kisha akafungua kamba, akashusha kiti kimoja cha kwake, na meza fupi akaifunga mbele kabisa, juu ya kabati, mahali mtaa mzima ungeiona.