Nzige wa Nabii Yahya

Juzi mke wa mjukuu wangu, Mhaya yule, kaniwekea sahani ya senene, panzi wa kukaanga wa kwao. Nilipowanusa tu, kichefuchefu cha utotoni kikanipanda.

Siku hiyo ya utotoni, mjomba wangu, mwalimu wa chuo cha Kurani, alikuwa barazani akibishana na katekista wa misheni. Katekista akasemea puani, "Sheikh, Yahya ni mtu wa jangwani. Alikula nzige!"

Mjomba akakohoa kwa madaha. "We bwana! Yahya bin Zakaria kazaliwa nyumba ya ibada, mtoto wa mjini. Nzige kajifunza ukubwani."

"Mtoto wa mjini hawezi kummeza."

"Anaweza! Huyu wangu ni wa mjini pia. Binti, njoo hapa."

Katekista akafungua jani la mgomba alilokuja nalo, ndani mkiwa na nzige wa kukaanga. Mjomba akanitia mmoja kinywani. Nikadhani nikimtema, Nabii atakosa kwao mjini. Nikatafuna. Tumbo la yule mdudu likapasuka, uchungu ukanijaa mdomoni, mguu wenye miiba ukang'ang'ania kooni. Nikamtapikia mjomba kanzu yake ya Ijumaa.

"Wa jangwani!" katekista akapiga makofi.

Leo najua Nabii hakulihitaji koo langu. Na mabwana wale wawili, hakuna aliyeonja hata bawa.