Mkwe Mwenye Filimbi

Filimbi ya Zita haisikiki tena katika uwanja wa mpira wa kikapu wa Majengo. Makocha wanabwata watakavyo, na hakuna wa kuwaendea polepole, mikono mgongoni, awaambie kwa sauti ya chini: "Nimekusikia, mwalimu. Sasa niache nichezeshe."

Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yake. Refa mwenzake, Marselino, alizoea kujibizana na makocha kwa mbali, na kila alipojibu moto ulizidi. Zita alisogea mpaka kocha akalazimika kumtazama usoni. Si rahisi kumpigia kelele mtu aliye karibu hivyo.

Kisha Alex akamposa. Baba yake Alex, mzee Sadoki, Mnyakyusa aliyehamia Sumbawanga kikazi zamani, ndiye kocha wa Majengo. Siku mahari ilipopokelewa, shangazi yake Alex alimvuta Zita pembeni.

"Kwetu, mwanangu, mkwe hatazamani na baba mkwe. Ukimwona njiani, unakwepa. Ukimkabili mbele za watu, umeivunja nyumba kabla hujaingia."

Zita akaomba asipangiwe mechi za Majengo. Lakini fainali na Namanyere ilipofika, refa mmoja aliugua, naye akapangwa.

Alichezesha bila kuligeukia benchi la Majengo, na Sadoki akalijua hilo. Katika robo ya nne, Zita alipopuliza faulo dhidi ya vijana wake, mzee alitoka mpaka mstarini.

"Refa gani huyu? Faulo umeiona kwa kisogo?"

Watu wakaangua kicheko. "Mwache, kocha, anaona haya! Mkwe wako huyo!"

Zita akamtuma Marselino.

"Kaa chini, kocha."

"Kaa wewe! Nani kakuita?"

Vijana wa Majengo, walipoona kocha wao haguswi, wakaanza kucheza kwa viwiko. Mchezaji wa Namanyere akaanguka, mdomo umepasuka. Benchi lao zima likasimama.

Zita alimwona Alex miongoni mwa watazamaji, anatikisa kichwa: usiende.

Akaenda. Mikono mgongoni, polepole, mpaka mbele ya mzee, akainua macho.

"Nimekusikia, mwalimu. Ukiuvuka tena mstari huu, nakupa faulo ya kiufundi."

Sadoki akageuza uso haraka kama aliyemwagiwa maji, akarudi kukaa, kofia ameishusha machoni. Hakuuvuka mstari tena. Majengo wakafungwa, na hakuna mwingine aliyeumia.

Jioni Alex alimfuata nyumbani.

"Ungemtuma Marselino."

"Nilimtuma. Ulikuwa unaangalia."

"Mzee anasema hana mkwe."

"Na wewe unasemaje?"

Alex alitazama viatu vyake. Zita alisubiri jibu mpaka chai ikapoa, kisha akasimama, akamfungulia mlango.

Kwao Zita walirudisha mahari yote. Siku hizi anafundisha sekondari huko Matai, na anaishi peke yake.