Nirudishieni Bili Yangu

Ni siku ya mwisho ya Aprili, saa mbili na robo asubuhi, na Ardith Voboril ameshamfokea mteja wa kwanza.

"Suruali hii ulinunua ukiwa na miaka mingapi, Harlan?"

"Kumi na tisa, nadhani."

"Basi iache ipumzike. Mimi ni fundi, sifufui wafu."

Harlan Siebert, mkulima wa ngano mwenye tumbo la kutangulia, anacheka mpaka anashika kaunta. Ardith hacheki. Anaigeuza suruali ndani nje, anakagua mshono wa nyuma, anakuta kitambaa kidogo cha akiba, anaitupa kwenye kapu.

"Alhamisi ijayo," anasema. "Na mkate usiuguse mpaka siku hiyo."

Hapa ni chumba cha nyuma cha dobi wa Mtaa wa Pili, mjini Brenner, katikati ya mashamba. Ardith ana miaka 67 na ameshona hapa kwa miaka 31. Hulipwa dola 13 kwa saa, saa 22 kwa wiki. Pembeni ya cherehani yake imesimama sanamu ya kupimia nguo, isiyo na kichwa wala mikono. Leo haijavaa gauni. Imevaa karatasi, zimebanwa kwa pini kuanzia shingoni hadi kiunoni.

Ni bili za hospitali. Na mwanamke huyu yuko tayari kupigana na mtu yeyote atakayeziondoa.

Ukitaka kujua kwa nini, tazama mikono yake. Vidole vimevimba kwenye viungo na viwili vya mkono wa kushoto vimepinda. Ni baridi yabisi, na imekaa naye miaka kumi na mitano. Kinachomwezesha kushika sindano ni dripu anayowekewa kila baada ya wiki nane. Bima ya wazee hulipa sehemu nne kati ya tano. Sehemu ya tano ni yake, dola 470 kila mara.

Miaka miwili iliyopita alishindwa kulipa, akakosa dripu mbili mfululizo. "Vidole vilijifunga kama makucha ya kuku," anasema. "Nilikuwa nafungua chupa ya dawa kwa meno. Uzi nilimwomba mteja anitungie. Fundi gani anatungiwa uzi na mteja?"

Ipo kadi ya serikali ya watu wa kipato kidogo ambayo ingelipa hiyo sehemu ya tano. Aliiomba. Ofisi ya kaunti ikajumlisha pensheni yake na mshahara, ikamwambia anazidi kikomo cha kipato kwa dola 440 kwa mwezi. Kwa miezi sita ni dola 2,640. Kadi atapata, lakini mpaka gharama zake za matibabu ndani ya miezi hiyo sita zifikie kiasi hicho. Si lazima awe amezilipa. Akidaiwa tu inatosha.

Yeye ana namna yake ya kulieleza. "Serikali inaniambia, Ardith, wewe si maskini vya kutosha. Lakini ukiugua vya kutosha, ugonjwa utakufikisha."

Ndipo alipoanza kubana karatasi kwenye sanamu. Kila bili pini yake. Jumla anaiandika kwa chaki ya fundi kwenye kipande cha kitambaa cheusi.

Januari alishikwa na homa ya mapafu, akalazwa siku nne, na dripu iliyofuata ikasogezwa hadi Aprili. Bili ilipokuja, sehemu yake ilikuwa dola 1,900. Mwingine angezimia. Ardith aliibana katikati ya kifua cha sanamu, akajumlisha na dripu ya Desemba, ada za daktari na vidonge, akapata 2,652. Alikuwa amevuka kwa dola kumi na mbili. "Mji mzima, mimi peke yangu ndiye niliyefurahia bili," anasema. Akapeleka nakala kaunti, akatulia kusubiri.

Alichosahau ni kwamba anaishi Brenner.

Brenner mtu akilazwa, watu hupika. Hakuna anayeitisha mkutano. Ukumbi wa chini ya kanisa hufunguliwa, masufuria ya nyama na maharagwe ya pilipili yanapandishwa jikoni, na mikate ya mdalasini inatoka tanuruni kwa trei. Mlangoni huwekwa kopo la kahawa, kila mmoja anatumbukiza alichonacho bila kutazamwa. Anayelisimamia jiko hilo ni LaVonne Tiede, mama wa miaka sabini na moja ambaye hata mchungaji humwomba ruhusa kabla ya kugusa mwiko.

Jumamosi moja ya Machi walikula watu 240, kwa ajili ya Ardith. Kopo lilitoa dola 1,934. Jumatatu LaVonne aliendesha gari mwenyewe hadi hospitali, akalipa bili yote, asimwambie mtu. Alitaka iwe zawadi. Jumapili iliyofuata Ardith alifungua kitabu chake cha nyimbo akakuta kadi ya maua, na ndani yake risiti.

Alilia hadharani. Wote waliomwona walidhani ni furaha, na siku ile ilikuwa furaha kweli.

Siku ya kumi barua ya kaunti ikafika. Bili ya dola 1,900 haikuhesabiwa, kwa kuwa imelipwa na mtu mwingine. Amebakiwa na gharama za 752. Amepungukiwa 1,888. Maombi yamekataliwa. Miezi sita yake inaisha tarehe 30 Aprili, na kliniki ilikwisha kumwambia kuwa dripu ya tarehe 24 hawekewi bila kadi au fedha mkononi.

Akapiga simu kaunti.

"Kwa hiyo watu wangenichukia, ningepata kadi?" alimwuliza afisa.

"Mama, mimi sijasema hivyo."

"Kanuni zako zimesema."

Kesho yake aliomba ruhusa kazini, akaenda hospitali, akasimama kwenye dirisha la malipo. Karani aliyekuwepo, Marcy Oelke, anaikumbuka siku hiyo vizuri.

"Alisema, nimekuja kuchukua deni langu," anasimulia Marcy. "Nikamwambia, mama, hudaiwi kitu. Ni sifuri. Akanijibu, hiyo sifuri ndiyo inayoniua. Miaka kumi na minne niko dirishani hapa. Nimetukanwa, nimeliliwa, nimerushiwa begi. Sijawahi kuona mtu analalamika kuwa hadaiwi."

Marcy aliingia ndani kuuliza, akarudi na jibu. Fedha zinaweza kurudishwa, na bili itafufuka kwa jina la Ardith kama mwanzo. Lakini zinarudishwa kwa aliyelipa tu, na aliyelipa ndiye aandike barua ya kuziomba.

Aliyelipa ni LaVonne.

"Nilimkuta anasugua masufuria," anasema Ardith. "Nikamwambia yote. Hakugeuka."

LaVonne naye hafichi. "Niliumia, niseme ukweli. Siku mbili nimesimama jikoni na magoti haya. Mikate mia tatu! Nikamwambia, dada, sadaka iliyotolewa imetolewa. Utanirudisha vipi mlangoni kwa watu, niwaambie Ardith amekataa?"

"Sijakataa upendo wenu," Ardith alimjibu. "Nimekataa risiti."

"Ni kitu kimoja."

"Si kitu kimoja, LaVonne. Upendo hauninyimi kadi."

Wakaachana hivyo. Walioimba pamoja sauti ya pili kwa miaka ishirini wakakaa wiki nzima hawasalimiani. Ilikuwa tayari tarehe tisa Aprili.

Jumapili, wakati wa matangazo, baada ya kutajwa wagonjwa na kabla ya sadaka, Ardith alisimama bila kuitwa. Hakwenda mbele. Alisimama palepale kwenye benchi lake na kunyoosha mikono juu, vidole vilivyopinda vikaonekana hadi nyuma.

"Mmenilisha na mmenilipia, na Mungu ameona," alisema. "Sasa naomba kitu kigumu zaidi. Nirudishieni bili yangu. Mliondoa bili moja, na mikono hii ina miaka mingine ya kulipiwa. Deni hilo ndilo mlango wangu. Mkilifuta mmeufunga. Sioni haya kudaiwa. Naona haya kukaa na mikono hii mapajani wakati kazi ipo."

Kisha sauti nzito ikatoka benchi la nyuma. Ilikuwa ya Harlan Siebert.

"Jamani, mpeni mwanamke deni lake! Mimi nilitumbukiza dola arobaini kwenye lile kopo, na suruali zangu zote ziko kwake. Mikono yake ikifa, mtaniona hapa nimevaa blanketi."

Watu waliangua kicheko, na kicheko ndicho kilichomwezesha LaVonne kusimama. Alisimama taratibu, kwa ajili ya magoti. "Nitaiandika hiyo barua," alisema. "Lakini mikate yangu hairudi."

"Mikate nilikula," Ardith akamjibu. "Hiyo hata kaunti hawanidai."

Barua iliandikwa siku hiyohiyo, juu ya meza ya jikoni. Fedha zikarudi kanisani, bili ikarudi kwa Ardith. Alipoipeleka kaunti, afisa alimtazama akasema hajui kama huu si ujanja.

"Ujanja upi?" Ardith akamwuliza. "Ugonjwa wangu. Kitanda nililala mimi. Bili ina jina langu. Onyesha mahali palipo na uongo, nikae chini."

Hakuna aliyemwonyesha. Kadi ilitoka tarehe 21 Aprili. Tarehe 24 alikaa kwenye kiti cha kliniki na dripu mkononi, na aliyempeleka, akakaa pembeni yake kwa muda wa saa tatu akimlalamikia jinsi anavyoburuta sauti ya pili, ni LaVonne Tiede.

Dola zile zimebaki ndani ya kopo, zinamngoja mwingine; ile bili Ardith anailipa hospitali mwenyewe, dola ishirini kwa mwezi. Ila sasa kwenye mlango wa kabati la jiko la kanisa imebandikwa karatasi yenye mwandiko wa Ardith, herufi kubwa zilizolala upande: ULIZENI KWANZA KABLA YA KUMLIPIA MTU. Wanawake watatu wa mjini wameshamfuata dobini na mifuko ya bili zao walizokuwa wakizificha chini ya godoro kwa aibu. Anawafundisha kuzipanga, na anawatoza kitu kimoja, wamtungie uzi kwenye sindano tano kabla ya kuondoka.

Tarehe moja Mei hesabu ilianza upya. Miezi sita mingine, dola 2,640 nyingine. Alizibandua karatasi zote akazifunga kwa utepe, na sanamu ikabaki uchi.

Anataka kushona mpaka afike miaka sabini na mitano. Anataka kumaliza majoho mapya ya kwaya kabla ya Krismasi, ishirini na sita, yenye pindo la mkono. Yote anayataja kama mtu anayesoma orodha ya sokoni.

Kisha anachukua bili ya dripu ya mwezi uliopita, ile ya 470 ambayo kliniki iliituma kwake kabla ya kadi kusajiliwa. Anaitazama, anaiweka kando irudishwe kliniki. Hii, kadi itailipa. Ya chini yake, ya vidonge vya Mei, dola 31, anaibana shingoni mwa sanamu. Ndiyo ya kwanza.

"Na mtu asiniguse hiyo," anasema, pini nyingine ikiwa imebanwa midomoni. "Atakayenilipia bila kuniuliza, nitamchoma."

Mlango unalia. Ni Harlan, amekuja kuchukua suruali yake siku mbili mapema.

"Nimekwambia Alhamisi," anasema Ardith, na mguu wake unakanyaga cherehani.